Skrubu Kwenye Ungo

Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1998. Upepo mkavu tangu alfajiri, vumbi jingi, moshi wa mashamba yanayochomwa umelala juu ya bonde mpaka milima haionekani. Dalili ya mvua hakuna.

Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kabla ya kuanza kazi. Nilikuwa na tabia ya kuandika hali ya hewa kwanza, hata siku ambayo sikuwa na jambo jingine la kuandika. Siku ile jambo lilikuwepo, ila bado halijatokea. Nilikuwa nimelala vizuri na mikono yangu ilikuwa imetulia. Mbele yangu palikuwa na kazi moja tu, kutoa vumbi ndani ya kompyuta ya wifi yangu, na nilikuwa na uhakika kwamba nitaiweza.

Huyu wifi ni mdogo wake mume wangu. Alikuwa anasoma chuo, mambo ya kilimo, na alikuwa amerudi nyumbani Ifakara kuandika kazi yake ya kumalizia masomo. Iliuhusu mpunga wetu: watu wanauvuna vipi, wanaukoboa wapi, na kwa nini mchele wa huyu unatoka mzima na wa yule unatoka chenga. Mwalimu wake alimwazima kompyuta yake mwenyewe, ya kukunja kama kitabu, ambayo wifi aliiita laptopu na sisi tukafuata hivyo hivyo. Mtaani kwetu hakukuwa na nyingine. Majirani waliokuja kusalimia walikuwa wanaisalimia na yenyewe kwa macho.

Sasa wifi hakuwa mtu wa kukaa ndani. Wakulima aliowataka wako mashineni, wanasubiri zamu ya kukobolewa mpunga, basi na yeye akahamishia meza yake mashineni, karibu na ukuta wenye umeme. Mtu yeyote aliyewahi kuingia mle anajua. Pumba zinapanda hewani kama moshi, zinakaa kwenye kope, kwenye masikio, kwenye kikombe cha chai. Wifi alikuwa anarudi jioni amekuwa mweupe kama aliyeanguka kwenye unga, na kompyuta yake vilevile. Baada ya muda ikaanza kupata joto, halafu ikawa inazima yenyewe. Kipimo chetu kilikuwa jikoni. Mama mkwe wangu akibandika wali, na wifi akiiwasha kompyuta saa ileile, kompyuta ilikuwa inazima kabla wali haujakauka maji.

Hilo lilimtia hofu kweli. Sehemu za mwanzo za kazi yake alikuwa amezihifadhi kwenye disketi, lakini sura ya mwisho, ile yenye maneno ya wakulima wenyewe, ilikuwa ndani ya kompyuta tu. Wiki iliyofuata alitakiwa airudishe kompyuta kwa mwalimu na kazi iwe imekamilika. Alhamisi akawa anakwenda Mngeta kuwaona wakulima wa mwisho, arudi Jumamosi jioni. Kabla ya kuondoka alinikalisha barazani, mbele ya cherehani yangu.

"Wifi, wewe hii cherehani unaifungua mwenyewe, unaisafisha, unaifunga, inashona," akaniambia. "Ile ni vumbi tu. Nilimwona fundi chuoni akifanya. Unatoa betri, unafungua mfuniko wa chini, unapangusa feni, unafunga. Mimi nikishika bisibisi natetemeka."

Nilimwambia mimi ni darasa la saba. Akasema vumbi halijui darasa.

Mume wangu alikuwa anasikiliza. Yeye alikuwa anafanya kazi Kivukoni, kwenye pantoni, na alizoea kuniita fundi, wakati mwingine kwa heshima na wakati mwingine kwa dhihaka. Akasema, "Fundi, cherehani ikiharibika utashona kwa mkono. Hiyo ikiharibika utamwandikia kwa mkono?" Tukacheka wote. Lakini nilikubali, na nilikubali kwa sababu niliamini naweza. Sitaki kusema nililazimishwa. Kazi ya kufungua kitu, kukisafisha na kukirudisha kama kilivyokuwa naijua, na mtu akiijua kwenye chuma kimoja anajua walau namna ya kuogopa kwenye chuma kingine.

Bisibisi ndogo niliazima kwa fundi saa wa sokoni. Alipojua ni ya nini alinipa na onyo, kwamba skrubu za vitu vile hazina ndugu Ifakara nzima, ikipotea moja imepotea. Nikamwambia sipotezi.

Jumamosi ile, basi, mume wangu alipokwisha kwenda kazini, nilijiandaa. Nilinyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale. Nilifunga dirisha la upande wa upepo. Nilitandika kitenge mezani. Halafu nikatafuta pa kuwekea skrubu. Sahani zetu ni za bati, skrubu zingeteleza na kuruka. Nikaona ungo mpya wa mama mkwe umetundikwa, mweupe, wenye ukingo mzuri. Kitu cheusi kikiwekwa humo kinaonekana, na hakibingiriki kwenda chini. Nikauchukua, nikauweka kwenye kigoda pembeni yangu. Nilijiona nimefikiri vizuri sana.

Nilitoa betri. Nikaigeuza kompyuta tumbo juu, nikaanza kufungua skrubu moja moja na kuziweka kwenye ungo. Zilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ndogo kama mbegu za mchicha zilizonenepa. Tundu moja la pembeni lilikuwa limejaa vumbi lililoshikana na jasho la mikono, nikalichokonoa kwa sindano mpaka likafunguka. Kisha nikashika mfuniko. Haukutoka. Nikaingiza ukucha kwenye ufa nikauvuta kidogo. Haukutoka. Nikavuta zaidi.

Nikasikia tak.

Ile sauti niliibeba siku nzima ile. Mfuniko ulitoka, ndiyo, lakini kwenye kitenge palidondoka kipande cha plastiki, mfano wa kipande cha ukucha uliokatwa. Lilikuwa jino la mfuniko, lile linaloshika upande ule. Nilikaa nikakitazama. Nilijaribu kukumbuka kama nilivuta kwa nguvu kupita kiasi, na jibu la haki ni kwamba nilivuta kama ninavyovuta kifuniko cha cherehani, na kifuniko cha cherehani ni chuma. Nikakiweka kile kipande kwenye ungo pamoja na skrubu, nikijiambia kuna gundi ya viatu, kitagandishwa.

Ndani sasa. Feni ilikuwa ndogo, na huwezi kusema ilikuwa feni, maana ilikuwa imevaa blanketi. Pumba zile laini za mashineni zilikuwa zimeshikamana mpaka zimekuwa kitambaa cha kijivu, ukiinua upande mmoja unainuka wote. Ningeweza kukipiga pindo. Katikati ya blanketi lile nikakuta punje moja ya mchele, nzima, haina hata ufa. Nilitamani wifi angekuwepo aione.

Mume wangu alikuwa amenishauri nitumie pampu ya baiskeli. Sikuitumia, kwa sababu pampu ile hutema mafuta na mimi najua mafuta na vumbi wakikutana wanazaa nini. Nilitumia unyoya wa kuku, kama kwenye cherehani. Nilizuia feni kwa kidole isizunguke, nikapangusa jani moja moja, nikapangusa na vile vichuma vilivyopangwa kama kitana. Vumbi nililiokota kwa vidole nikawa nalitupa kwenye ungo, ili lisirudi ndani. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Huwa najitilia shaka kwa mengi, lakini kwa hiyo sijitilii.

Nilikuwa nimebakiza kufunga tu nikasikia hodi barazani. Alikuwa mama mmoja wa kwaya ya kigango, amekuja kupimwa gauni la harusi ya Jumapili, na pindo lilikuwa halijakaa sawa. Nikafunika kompyuta kwa upande wa kitenge, nikatoka. Nilimsimamisha, nikapiga magoti, nikaanza kubana pindo kwa pini, nyingine nimezishika kwa midomo.

Sauti ya ungo nyumbani kwetu ilikuwa kama sauti ya kuku. Ipo siku nzima, mtu haisikii. Kwa hiyo nilipoisikia uani, shwaa, shwaa, halafu kimya kidogo, halafu shwaa tena, nikaendelea kubana pindo. Ilinichukua pini nyingine mbili au tatu kuelewa. Kisha nikamwacha mama wa watu amesimama na gauni upande, nikazunguka uani mbio nikiwa na pini mdomoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka mlango wa jikoni na ungo uko tupu, safi, mweupe. Mchele wa jioni ulikuwa kwenye sufuria pembeni yake, anajiandaa kuumimina.

"Umekuja?" akasema. "Mchele wako wa safari hii una mawe makubwa. Na umeweka takataka gani kwenye ungo wangu?"

Nilitoa pini mdomoni kwanza. Huyu ni mama mkwe wangu, mwanamke wa Kipogoro aliyetoka upande wa Mahenge kabla mimi sijazaliwa, aliyenipokea vizuri. Sauti haipandi mbele yake. Nikamwuliza yale mawe yako wapi. Akanionyesha kwa kidevu kona ya ukuta wa jikoni, pale ambapo kila siku, tangu nyumba ile ijengwe, hutupa mawe ya mchele kwa mkono uleule bila kutazama.

"Mama," nikasema, "hayakuwa mawe. Ni skrubu za ile kompyuta."

Aliuweka ungo magotini kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Mwanangu, mtu anaweka vyuma kwenye ungo?"

"Nimeweka mimi, mama. Na sikukuambia."

"Na mimi nimeona uchafu na vitu vizito. Mkono ukafanya kazi yake."

Nimelipima jambo hili mara nyingi na sijawahi kuona kosa lake ni lipi. Kwenye bonde letu, ungo ukikutwa una manyoya manyoya na vijiwe ndani, mwanamke yeyote ataupepeta. Hataamua, mikono itaamua. Vyepesi vitaondoka na upepo, vizito vitajikusanya karibu na tumbo lake, atavichagua kwa vidole viwili, atavitupa kona. Angepita mbele ya ungo ule bila kuugusa ndipo ningesema mama anaumwa.

Nilirudi kumwomba radhi yule mama wa kwaya. Alikuwa amesikia yote, akasema atavua gauni mwenyewe nami nikaitafute mali ya watu.

Kona ile ilikuwa na mawe ya miaka. Vijiwe vya mchele vinafanana, na skrubu nyeusi katikati ya mchanga mweusi wa jikoni haionekani. Nilikuwa na sumaku, iliyotolewa kwenye spika mbovu, ninayookotea pini. Lakini wifi alikuwa ameniambia mara mbili kwamba sumaku isisogee karibu na kompyuta wala disketi, na nikaogopa kwamba skrubu ikishikwa na sumaku itabeba kitu fulani ndani yake ikaenda kukiachia kule. Sikujua. Mpaka leo sina hakika kama hofu ile ilikuwa na maana. Nikaiacha.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alimwomba kwanza mtakatifu wa vitu vilivyopotea, kwa kifupi, halafu akasema mtakatifu naye anahitaji kusaidiwa. Akachukua ungo wa zamani, akaniambia nizoe mchanga wote wa kona ile, wa juu juu, nimwagie humo. Akaanza kuupepeta mchanga kama mchele.

Nilikuwa nimemwona akipepeta kwa miaka na sikuwahi kutazama. Siku ile nilitazama. Aliurusha mchanga chini chini, akauzungusha, akautingisha kwa upande, na majivu yakaondoka, halafu mchanga mwembamba ukasogea mbele, na vijiwe vikabaki nyuma, na nyuma kabisa ya vijiwe, karibu na vidole vyake, skrubu. Chuma ni kizito kuliko jiwe. Aliichukua akaniwekea kiganjani. Akaendelea. Zikaja moja moja, nyingine mbili kwa pamoja, mpaka mchanga wote wa kona ukawa umepita mikononi mwake na yeye amekuwa na majivu mpaka kwenye nyusi.

Lile jino la plastiki halikuja. Lilikuwa jepesi, lilikuwa limeondoka na pumba mwanzoni kabisa, na upepo ule wa Septemba huenda ulikuwa umeshalifikisha kwa jirani.

Nikaenda kufunga. Nilibana skrubu kila moja mahali pake, na nilipofika pembe ya mwisho, tundu lipo, skrubu hakuna.

Hapo ndipo macho ya mama mkwe yalipohamia kwa kuku mwekundu. Kweli alikuwa amezunguka pale konani wakati wote, akichakura. Mama akasema kuku yule hula hata vifungo. Akasema tumchinje, tutazame firigisi, na kama skrubu haimo basi tutakuwa na kitoweo cha kumpokelea mwanafunzi. Nilikataa. Nilisema hakuna kati yetu aliyemwona akimeza, na huwezi kumchinja mtu kwa kuwa alikuwa karibu. Niseme na sababu ya pili, maana ilikuwepo: alikuwa anataga vizuri kuliko wote. Tukakubaliana tumfunike kwa tenga, apewe maji na pumba, na tuchunguze kinachotoka.

Kwa skrubu hiyo moja sasa nilitoa sumaku. Niliifunga kwa uzi, nikaiburuta uani kote kama mtu anayetembeza mbwa. Niliokota pini zangu za zamani, msumari wenye kutu na vifuniko vya soda. Skrubu haikuwamo. Kabla ya kugusa kompyuta tena niliosha mikono kwa sabuni, kana kwamba sumaku hunuka.

Kisha nikairudisha betri, nikachomeka waya, nikaiwasha.

Iliwaka. Maandishi yakaja, feni ikazunguka, na hewa ya uvuguvugu ikatoka ubavuni, kitu ambacho sikuwahi kukihisi kabla. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi, lakini masikio yangu yalikuwa yameshaharibika kwa ile tak. Nikasikia feni ikisema tik, tik, tik, ndogo kabisa, chini ya mvumo. Je, ilikuwa inasema hivyo zamani? Nikaona mkwaruzo mfupi karibu na bawaba. Ni wa kwangu? Pembe ile isiyo na jino wala skrubu ilikuwa imeachama kiasi cha kupitisha ukucha. Na kwenye kioo, chini kushoto, palikuwa na doa la ukubwa wa mbegu ya nyanya. Nililipangusa likatoka, lilikuwa jivu la mama. Lakini mengine hayakupanguswa.

Shida ni kwamba kabla ya siku ile sikuwa nimeitazama kompyuta ile hata mara moja kwa makini. Nilikuwa nimeiona tu. Sasa nilikuwa naikagua kama mtu anayekagua mguu wa mtoto aliyeanguka, na kila alama ilikuwa kosa langu kwa sababu sikuwa na ushahidi wa kuikana. Ningeweza kuapa juu ya jino. Juu ya tik na mkwaruzo sikuweza kuapa upande wowote. Niliizima.

Mikono haikutaka kukaa. Nilikuwa na kipande cha turubai kilichobaki kwenye kazi ya watu, kizito, kisichopitisha vumbi. Nikakipima kwa kompyuta, nikaanza kushona mfuko wenye mfuniko wa kupindua, na ndani nikauwekea kitambaa laini cha pamba. Nilishona mchana wote. Mishono ilikuwa mizuri. Nilijua mfuko haulipi jino, na sikuushona ulipe. Niliushona kwa sababu vumbi la mashineni litakuwepo Jumatatu kama lilivyokuwepo, na hilo nilikuwa naliweza.

Mume wangu alirudi jua likiwa limeshuka, na kambale wawili wamefungwa kwa ukindu. Aliona tenga katikati ya uani na mdomo wa kuku ukitokeza.

"Huyu kafungwa kwa kosa gani?"

"Anahojiwa," mama yake akamjibu.

Tulimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona uso wangu akaacha. Akauliza inawaka? Nikasema inawaka. Akasema basi fundi umeshinda, hayo mengine ni mapambo. Nilimwambia mapambo ya kompyuta ya mwalimu wa watu.

Wifi alishuka kwenye lori la mchele wakati mama anawasha jiko la mkaa. Alimwamkia mama yake, akamwamkia kaka yake, akanikumbatia mimi. Kabla hajaweka mfuko wake chini, mama mkwe alianza.

"Mwanangu, kitu chako nimekiharibu mimi. Nilikipepeta."

"Si kweli," nikasema. "Kwa ruhusa yako mama, ngoja niseme kwa mpangilio."

Nikasema kwa mpangilio. Jino nililivunja mimi, peke yangu, kabla mama hajagusa chochote. Skrubu niliziweka mimi kwenye ungo na sikumwambia mtu. Mama alipepeta kama ambavyo ningepepeta mimi. Skrubu alizipata yeye. Moja haijapatikana, na kuku anashukiwa bila ushahidi. Feni inafanya tik, na sijui kama ilikuwa inafanya. Mkwaruzo karibu na bawaba, sijui.

Wifi alisikiliza hadi mwisho. Akaigeuza kompyuta, akatazama pembe iliyoachama, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikashuka, akaiachia, ikapanda. Halafu akaweka kidole kwenye lile tundu tupu.

"Hii?" akasema. "Hii skrubu haikuwepo. Mwalimu aliniambia siku ananikabidhi kwamba ya pembe hii ilipotea kwake. Wifi, hukuona tundu lilikuwa tupu?"

Nikakumbuka lile tundu lililojaa vumbi, na sindano yangu. Nilikuwa nimechokonoa shimo tupu na kulihesabu kuwa na skrubu.

"Mfungwa aachiwe," mume wangu akasema, akaenda akainua tenga. Kuku mwekundu alitoka, akajikung'uta, akaelekea moja kwa moja konani kuchakura. Mama mkwe alimfuata kwa macho na kusema kwa Kipogoro kitu ambacho wanawe walikataa kunitafsiria.

Mkwaruzo, wifi alisema haujui. Tik alisikiliza kwa sikio karibu, akasema nayo haijui, labda ilikuwepo ikifunikwa na lile blanketi. Jino alilijua ni jipya. Nikamwomba amwambie mwalimu wake kwamba ni mimi niliyelivunja, si yeye.

"Nitamwambia," akasema. "Nitamwambia na mengine. Sasa wacha niandike, maneno ya Mngeta yasinitoke."

Alikaa mezani akaiwasha saa ileile mama alipobandika wali. Hakuna aliyepanga hivyo, ila sote tulijua. Mume wangu aliparua kambale uani na kila mara anasimama kusikiliza. Mimi nilichambua matembele, sikio moja liko dirishani. Vidole vya wifi vilikuwa vinagonga bila kupumzika. Maji ya wali yakachemka. Yakaanza kukauka, na hapo ndipo zamani ungesikia ukimya halafu wifi akisonya. Mama akakoroga mara ya mwisho, akafunika.

"Imezima?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Akapalia mkaa juu ya mfuniko. Vidole vikaendelea. Samaki akaungwa, matembele yakaiva, makaa ya juu ya wali yakawa majivu, na mama akayaondoa taratibu kwa kipande cha bati akitega sikio na yeye. Niliingia ndani, nikaweka mkono ubavuni mwa kompyuta bila kumsemesha wifi. Ilikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Feni ilisema tik, tik. Nikautandika ule mfuko wa turubai kwenye kiti pembeni yake, nikatoka.

Jioni ile tulikula wali, kambale wa mchuzi wa nyanya na matembele. Wifi alichelewa kuja, sahani yake tukaifunika, na alipokuja alikula huku bado anasema peke yake maneno ya wakulima. Mchele ulikuwa umechaguliwa vizuri. Hakuna aliyetafuna jiwe.